Neno la Toleo Hili: Kupinda au Kubonyea?

Safari hii neno moja limetugawa. Fremu za upinde za maghala mengi ya leo huundwa kwa chuma kilichokunjwa kikiwa baridi, bati la milimita 1 hadi 3 tu. Hapa Stockholm kanuni humtaka mhandisi ahesabu theluji ya kilonyutoni 2 kwa mita ya mraba ardhini, yaani karibu kilo 200. Balaa ni upepo: huirundika theluji upande mmoja, na upinde huuogopa mzigo wa upande mmoja kuliko uliosambaa sawasawa.

Hapo kuta za bati hubonyea kama debe lililokaliwa, upinde mzima ukiwa bado haujapinda. Ndiyo maana EN 1993-1-3 huhesabu sehemu tu ya upana wa bati kuwa ndiyo inayobeba.

Baadhi yetu huandika “kupinda” kwa yote. Hatuafiki. Bati likibonyea, mara nyingi bado lina akiba. Midomo ya kingo zake ikipotoka, akiba ni ndogo zaidi. Msomaji wa “limepinda” atajuaje ni lipi? Tunapendekeza “kubonyea” na “kupotoka”. Walimu wetu, mwasemaje?