Maelezo Nayo ni Dawa: Maoni ya Mgonjwa wa Moyo kutoka Mpanda

Mtu anayeumwa chini kidogo ya mfupa wa kifua, pale tumbo linapoanzia, husema kwa Kiswahili kwamba anaumwa chembe ya moyo. Jina hilo linataja moyo, lakini mahali penyewe ni pa tumbo, na mara nyingi anayelalamika hivyo huwa anaumwa tumbo kweli. Wahudumu wa afya wanalijua hilo. Ndiyo maana wakisikia maneno hayo huandika dawa za vidonda vya tumbo. Tatizo ni kwamba moyo wenyewe unapokosa damu, maumivu yake huweza kusikika papo hapo. Mimi nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi mitano, ilhali mgonjwa alikuwa moyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mpanda. Siandiki ili kumshitaki aliyenitibu, kwani hata mimi nilichangia kosa lile. Hoja yangu ni moja: kwa mgonjwa wa mishipa ya damu ya moyo, hasa anayeishi mkoa ulio mbali kama Katavi, kuuelewa ugonjwa wake ni sehemu ya tiba, nako kunastahili uangalifu uleule tunaouweka katika vidonge.

Dalili zangu zilianza msimu wa kupanda mpunga. Kila nilipoendesha baiskeli kwenda shambani Kakese, nilihisi uzito kana kwamba nimewekewa gunia kifuani. Nikishuka na kupumzika dakika tano, uzito ulitoweka. Katika kituo nilikotibiwa nilisema tu, "Naumwa chembe ya moyo." Sikuulizwa maumivu huja wakati gani, nami sikuona haja ya kueleza habari za baiskeli. Laiti swali hilo lingeulizwa! Maumivu ya vidonda vya tumbo aghalabu huandamana na njaa au chakula. Maumivu ya mishipa ya moyo iliyobana huandamana na kazi, nayo hutulia kwa mapumziko.

Alfajiri moja uzito ule ulikuja nikiwa nimelala, ukapanda hadi kwenye taya na mkono wa kushoto, jasho jembamba likinitoka. Nilipelekwa hospitali, nikapimwa umeme wa moyo, nikapewa rufaa. Huko mbali nilikopelekwa, mrija mwembamba ulipitishwa katika mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, mshipa uliobana ukatanuliwa, na ndani yake pakaachwa kimrija cha wavu wa chuma ili usijifunge tena. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimepona. Karatasi nilizopewa ziliandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, ambacho hata ualimu wangu haukunisaidia kukisoma. Mwezi wa nne, vidonge vilipokwisha na fedha ikawa haba, niliviacha.

Aliyeniokoa ni daktari kijana niliyemwendea kwa sababu ya homa. Aliangalia kadi yangu, akauliza, "Mzee, zile dawa za moyo unaendelea nazo?"

"Nilishapona, daktari. Mshipa ulizibuliwa."

"Mshipa ulizibuliwa, mzee wangu, lakini ugonjwa bado unao." Akageuza kadi, akachora moyo kwa kalamu ya wino, akaanza kunieleza. Nayaandika hapa aliyonieleza, kwa kuwa naamini wako wengi ambao hawajaelezwa.

Moyo husukuma damu mwili mzima, lakini hauwezi kujilisha kwa damu inayopita vyumbani mwake, kama vile mchota maji asivyoweza kunywa kutoka katika ndoo aliyojitwika. Una mishipa yake maalumu, miwili mikuu, inayochipuka mwanzoni mwa mshipa mkubwa utokao moyoni na kutandaa juu ya msuli wake. Kwa miaka mingi, shinikizo la juu la damu, kisukari, moshi wa tumbaku na wingi wa lehemu hujeruhi kuta za mishipa hiyo, na mafuta hujikusanya ndani ya kuta kama tope linavyojaa katika mfereji wa shamba la mpunga. Mtu anapofanya kazi, msuli huhitaji damu nyingi kuliko inayoweza kupita, na hapo maumivu huja.

Lakini mfano wa mfereji haumalizi habari. Mkusanyiko ule wa mafuta una utando juu yake. Ukipasuka, damu huganda hapo kwa muda mfupi na kuifunga njia. Huo ndio mshtuko wa moyo, na sehemu ya msuli isiyopata damu huanza kufa. Kimrija cha chuma nacho, hasa katika miezi ya mwanzo, ni kitu kigeni ambacho damu huweza kukigandia ghafla. Vidonge nilivyoviacha ndivyo vilivyokuwa vikizuia jambo hilo.

Maelezo hayo yalichukua kama dakika kumi. Tangu siku ile sijaacha kidonge, na nikikosa fedha hukata matumizi mengine kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nimeamriwa. Siku ile nilielewa.

Yaliyonipata si yangu peke yangu. Watafiti waliochunguza wagonjwa wenye maumivu ya kifua au shida ya kupumua, katika idara ya dharura ya hospitali moja kaskazini mwa Tanzania, walichapisha mwaka 2020 kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Katika wagonjwa hao zaidi ya 150, waliotambuliwa na madaktari waliowahudumia hawakufika hata kumi. Huu ndio ugonjwa tunaouita wa matajiri wa mjini! Robo tatu ya vifo vyote vya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu duniani hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwa sisi wa Katavi, umbali unaongeza uzito wa jambo hili. Mkoa wetu uliundwa mwaka 2012, na leo Mpanda ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, imewaondolea Watanzania wengi safari za matibabu nje ya nchi. Hata hivyo, kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za mwanzo. Baada ya saa 12 manufaa yake hupungua mno. Saa hizo za mwanzo huanzia nyumbani, na anayeamua kama aende hospitali au anywe dawa ya kiungulia ni mgonjwa na mkewe au mumewe. Uamuzi huo hauwezi kuwa sahihi ikiwa hawakuelezwa kitu.

Najua nitajibiwa kwamba foleni ni ndefu na watumishi ni wachache. Ni kweli, nimekaa katika foleni hizo. Lakini mgonjwa asiyeelewa hurudi akiwa katika hali mbaya zaidi, na huchukua muda mrefu kuliko dakika kumi. Wengine husema kwamba maelezo humtia mgonjwa hofu. Mimi kilichonitia hofu ni kutojua. Katavi ina Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wasukuma na waliokulia Katumba na Mishamo wakizungumza Kirundi; Kiswahili rahisi, pamoja na mchoro, huwafikia karibu wote.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila anayesema anaumwa chembe ya moyo, hasa aliyevuka miaka 40 au mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara, aulizwe kama maumivu huja akifanya kazi, na apimwe umeme wa moyo. Ikumbukwe kwamba kipimo kilichofanywa mgonjwa akiwa ametulia huweza kuonekana kizuri ilhali mshipa umebana. Pili, kila anayeruhusiwa kutoka hospitali apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema ana ugonjwa gani, kila kidonge kina kazi gani, na lini akimbilie hospitali. Tatu, vyuo vya tiba viwatahini wanafunzi wao katika kueleza ugonjwa kwa Kiswahili, kama vinavyowatahini katika kuutambua.

Nasi wagonjwa tuna wajibu. Mficha uchi hazai. Tueleze maumivu huja lini na huenda wapi. Tusiache dawa ya presha kwa sababu kipimo cha leo ni kizuri. Mara nyingi ni dawa hiyo iliyokifanya kizuri. Wanawake, wazee na wenye kisukari wajue kwamba kwao mshtuko wa moyo huweza kuja kama uchovu, kichefuchefu au kukosa pumzi tu. Na tukipewa karatasi tusiyoielewa, tusitoke chumbani kabla ya kuuliza.

Ile kadi yenye mchoro ninayo bado. Nimeionyesha kwa majirani wengi, na wawili kati yao wamekwenda kupima presha kwa mara ya kwanza.