Alizeti Uani

Akina mama wenzetu, alizeti si ya Singida na ya mafuta tu. Hata sisi wa Kariakoo, ambao ua wetu ni saruji tupu, twaweza kuipanda kwa uzuri wake. Ndoo kuukuu yenye matundu chini yatosha, mradi ipate jua la kutosha. Chagua aina fupi. Fukia mbegu mbili pamoja, sentimeta mbili kwenda chini. Zikichipua, ng'oa iliyo dhaifu. Maua huja baada ya miezi miwili au mitatu.

Mbegu zilizotiwa rangi zimepakwa dawa: watoto wasizitafune.

Linalotutia hofu zaidi sisi wauguzi ni kisahani chini ya ndoo. Maji yakituama humo, mbu wa dengi huzaliana. Homa hiyo ilitusumbua Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019. Mbu huyo huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Kila wiki mwaga maji hayo na usugue kisahani, kwani mayai hung'ang'ania ukingoni hata pakikauka. Au usiweke kisahani kabisa. Maji yakichuruzika sakafuni, mama, utadeki tu.