Tuwarudishie Watoto Sanduku la Posta

Nilipokuwa darasa la sita, huko Muheza, nilikuwa na rafiki wa kalamu. Jina lake nililitoa kwenye ukurasa wa nyuma wa jarida lililofika shuleni likiwa limeshachakaa kwa kupita mikono mingi. Alikuwa mtoto wa Ujerumani, rika langu, na alitaka kujua tunapikaje wali wa nazi. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikamweleza kwamba nazi tunaikuna kwa mbuzi, na hiyo mbuzi nikaitafsiri kwa jina la mnyama. Barua yake iliyofuata ilikuwa na swali moja tu: je, mbuzi mwenyewe anakubali?

Barua zile zilikuja kwa S.L.P. ya shule. Nyumbani kwetu hakukuwa na anwani; ungeandika nini, nyumba ya tatu baada ya mwembe? Ufunguo wa sanduku alikuwa nao mwalimu mkuu. Siku aliyokwenda posta tulimwona tangu mbali akirudi na baiskeli, mfuko umening'inia kwenye usukani. Kesho yake asubuhi mwalimu wa zamu alisoma majina mstarini. Ukiitwa ulitoka mbele, ukapokea bahasha yenye pindo za nyekundu na buluu, na kuanzia hapo barua haikuwa yako peke yako. Mmoja aliomba stempu, mwingine aliomba kunusa karatasi, na neno gumu lilipelekwa kwa mwalimu wa Kiingereza. Jibu liliandikwa kwanza kwenye daftari, likasahihishwa, ndipo likanakiliwa.

Hakuna aliyeyaita mambo hayo ulinzi wa mtoto. Yalikuwa umaskini wa kawaida: hatukuwa na sanduku letu, tukatumia la shule. Lakini ukihesabu, ulinzi ulikuwepo tele. Mgeni alijua shule yetu, hakujua kwetu. Mtu mzima alishika ufunguo. Darasa zima lilijua nani anaandikiana na nani. Na jibu lilichukua wiki kadhaa, muda wa kutosha wa mtu kubadili mawazo, au wa mama kuuliza, "Huyo mzungu wako anataka nini hasa?"

Leo mtoto wa rika lile ana dunia nzima kwenye simu ya mama yake, na anaifungua saa nne usiku chini ya shuka. Mgeni haitwi mstarini tena. Anaingia moja kwa moja.

Ninawaandikia wazazi, walimu, na ninyi wajomba na mashangazi wenye simu nzuri kuliko wazazi wenyewe, kuomba jambo moja: tuwarudishie watoto lile sanduku la shule. Siombi tuwanyang'anye simu. Kuna wanaosema dawa ni hiyo, na ninaelewa hofu yao, ila mtoto aliyenyang'anywa simu nyumbani ataazima ya rafiki, na huko hakuna wa kumuuliza kitu. Zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wa Kenya na Tanzania tayari wanatumia intaneti. Ndivyo ulivyoonyesha utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ambao ripoti yake ya Kenya ilitoka 2021 na ya Tanzania 2022. Utafiti huohuo una jambo ambalo wengi wetu tungependa lisiwe kweli: anayemdhuru mtoto mtandaoni mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Na watoto wengi waliodhurika hawakwenda polisi wala hawakupiga simu ya msaada. Wengine walimwambia rafiki, wengine hawakumwambia mtu.

Kabla ya kuwatazama watoto, tujitazame. Mwaka fulani mpwa wangu alimaliza darasa la saba. Nilipiga picha nzuri ya mahafali, nikairusha mtandaoni palepale, mjomba kwa kujidai. Siku chache baadaye mtoto akaniuliza, "Mjomba, mbona watu nisiowajua wananijua?" Nikaifungua tena ile picha na kuitazama kwa jicho lake. Sare ya shule. Bango la shule nyuma. Cheti mkononi, majina yake matatu yanasomeka bila kukuza. Chini yake, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika mtaa tunakofanyia sherehe. Barua zangu za Ujerumani, kwa miaka miwili yote, hazikumwambia yule rafiki robo ya niliyowaambia watu wote kwa dakika moja. Picha niliiondoa. Walioihifadhi siwajui.

Namba ya simu nayo tunaichukulia kama kitu chepesi. Jaribu leo kutuma pesa kwa namba yoyote: kabla hujathibitisha, simu inakutajia jina la mwenye laini. Kwa hiyo mtoto anayempa rafiki wa mtandaoni namba ya mama amempa na jina la mama. Kwetu namba ya simu ndiyo anwani ya nyumbani, hata kama haitaji mwembe.

Sasa tuje kwenye umri. TikTok, Facebook na Instagram zinataka mtumiaji awe na miaka 13 kwenda juu, na TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha. Ni ulinzi mzuri, ila sisi ndio tunaoubomoa. Kaka anamfungulia mdogo wake akaunti kwa tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, "ili isisumbue", na tangu siku hiyo programu inamjua mtoto wa miaka 11 kama kijana wa miaka 24, na inamletea watu na mambo ya miaka 24. Ukirudi nyumbani jioni, omba uone ni mwaka gani umeandikwa pale.

Namna ya kuzungumza nao tunayo tayari. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyejua ujumbe wa matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Watoto wanaujua, wanaucheka, wanauigiza. Basi anzia hapo. Mwambie mtoto kwamba kuna wanaoomba hela, na kuna wanaoomba picha, na ufundi wao ni uleule: haraka, siri, na kujifanya mlishaongea zamani. Anayekwambia "usimwambie mtu" ni ndugu yake yule wa "ile hela". Mtoto wa miaka 10 anaelewa hilo kwa dakika tano, bila semina.

Lakini mtoto hawezi kulelewa kwa makatazo matupu. Mimi yule rafiki wa kalamu alinifaa: alinifanya nitafute Ujerumani kwenye ramani, nikajifunza kwamba kuna watoto wanaotembea kwenye theluji kwenda shule, na kwamba swali la mbuzi si la kijinga ukiwa hujawahi kuona mbuzi ya nazi. Watoto wetu wanastahili hayo. Na njia ninayoiamini kuliko zote ni kuwakutanisha na wenzao kwa kazi, si kwa sura. Mtandao wa iEARN umekuwa ukiunganisha madarasa ya nchi mbalimbali kwa njia hii tangu 1988, ulipoanza kwa shule za New York na Moscow: madarasa yanafanya mradi pamoja, na walimu ndio wanaofunguliana mlango. Hata bila kujiunga na mtandao wowote, mnaweza kuanza na kijiti.

Chukueni kijiti kilichonyooka cha mita 1, mkisimamishe wima uwanjani, bila kuegemea upande. Siku iwe ya kuelekea tarehe 21 Machi, au 22 na 23 Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Pale Tanga, iliyo nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kivuli cha adhuhuri kitakuwa kifupi sana, kama sentimita 9 tu, na kitaelekea kusini. Darasa jingine lifanye hivyohivyo siku ileile Muscat. Huko, karibu nyuzi 24 kaskazini, kivuli kitafika sentimita 44, na kitaelekea kaskazini. Hapo watoto wataanza kubishana kabla mwalimu hajasema neno: jua ni moja, kwa nini vivuli vinapeana mgongo?

Kila darasa lichore pembetatu yake kwa vipimo vidogo, lipime pembe ya juu, penye ncha ya kijiti, kwa kipimapembe. Mkijumlisha pembe mbili mtapata nyuzi kama 29, ambazo ni sehemu moja ya kumi na mbili na nusu ya duara zima. Umbali wa Tanga na Muscat kwenda kaskazini, ukipimwa kwenye ramani kwa skeli, ni kilomita 3,200 hivi. Zidisheni kwa kumi na mbili na nusu. Mtapata kilomita 40,000, ambao ndio mzunguko wa dunia. Mwanazuoni wa kale Eratosthenes alifanya hesabu ya namna hii huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kulinganisha jua la adhuhuri la Iskandaria na la Aswan, naye hakuwa na bando. Na kama shule yenu iko jirani na madrasa, mwiteni mwalimu wa madrasa aje kuona. Mambo ya kivuli anayajua: wakati wa alasiri ulijulikana kwa kukipima kabla ya saa za ukutani.

Muscat nimeitaja makusudi. Huko wako ndugu zetu wengi ambao bado wanazungumza Kiswahili nyumbani, na watoto wao wanasoma na wenzao wa Oman. Shangazi aliye Muscat anaweza kwenda shuleni kwa mtoto wake na kumsalimia mwalimu ana kwa ana. Kiungo cha kwanza kikiwa mtu anayejulikana pande zote mbili, nusu ya hofu imeisha.

Na sanduku lenyewe liwe hivi. Akaunti moja ya barua pepe, ya darasa, si ya mtoto. Neno la siri wawe nalo watu wazima wawili, mwalimu na mzazi mmoja wa kamati ya shule, ili asiwepo mtu mmoja anayezungumza na wageni peke yake. Barua ikifika isomwe mbele ya darasa, kama zamani mstarini. Jibu liandikwe ubaoni, wote wakichangia, na litiwe sahihi "Darasa la Sita". Picha zitakazotumwa ziwe za kijiti, kivuli, rula na mikono yenye chaki. Sura na majina kamili ya nini, wakati kilichotafutwa ni sentimita? Simu moja ya mwalimu na bando la wiki vinatosha. Shule isiyo na mtandao kabisa inaweza kuanza kwa kusoma: Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na kwa programu ya Kiwix inawekwa kwenye kompyuta mara moja ikasomwa bila intaneti.

Pamoja na hayo yote, ipo siku jambo litaharibika. Mtoto atatuma picha ambayo hakupaswa kutuma, na aliyeipokea atamtishia: lipa, au tuma nyingine, la sivyo nitaisambaza. Siku hiyo neno la kwanza litakalotoka kinywani mwako litaamua kama atakueleza yote au atakueleza nusu. Ukianza na "nilikwambia", umeshampoteza. Mwambie kosa ni la yule anayetishia. Usilipe, maana anayelipwa hurudi. Usifute ujumbe, nakili jina la akaunti, namba na tarehe. Picha yenyewe usimrushie mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonya wazazi wenzio kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kuisambaza picha ya namna hiyo ni kosa kisheria na ni kumdhuru mtoto mara ya pili. Piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, inayopatikana Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa Tanzania, nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa 2023, inayosaidia kuondoa picha za utupu za walio chini ya miaka 18 kwenye mitandao inayoshirikiana nayo. Picha haitoki kwenye simu ya mtoto. Kinachotumwa ni alama yake tu, kama alama ya kidole.

Basi, mwalimu unayesoma haya, usingoje mradi wala mfadhili. Mwombe fundi seremala akukatie kijiti cha mita 1 kamili. Mzazi, jitolee kuwa yule mtu wa pili mwenye neno la siri. Shangazi wa Muscat, mjomba wa Helsinki, waulize walimu wa huko kama wana kijiti. Andikieni barua ya kwanza mapema, mwezi Januari shule zikifunguliwa, ili Machi ikifika mmeshajuana. Pale Tanga, siku hizo za Machi, jua hupita juu kabisa saa 6 na nusu mchana. Wapeni watoto maji, muwe uwanjani dakika 15 kabla.