Ngome Ina Mlinzi, Stesheni Je?

Waungwana, mgeni akifika Mombasa hupelekwa Ngomeni, akasimuliwa Wareno walivyoanza kuijenga 1593. Vyema. Lakini stesheni ya kisiwani, pale mwisho wa barabara ya Haile Selassie, nani humpeleka?

Reli ilianza kujengwa hapa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Ndiyo iliyougeuza mji: shehena zikaelekea Kilindini, bandari ya majahazi iliyo karibu na Ngome ikabaki na upweke wake. Kabla ya motokaa, waheshimiwa wakizunguka kisiwa kwa vigari vya reli vilivyosukumwa na watu. Bwana kivulini, msukumaji jasho lamtiririka!

Sisi tukisali Magharibi, tukibeba mikate ya mofa kikapuni, tukipanda gari la moshi la usiku, asubuhi Nairobi. Mwaka 2017 reli mpya ikafunguliwa, stesheni yake ikawekwa Miritini, bara. Siichukii, yaenda mbio. Ila bibi wa Kibokoni ilimbidi atafute matatu kwanza, na nauli juu yake.

Ngome ilikuwa jela hadi 1958, kisha ikafanywa makumbusho. Stesheni ya kisiwani nayo ipewe mlinzi, kabla mabati hayajang'olewa.