Zizi Nalo ni Historia

Sisi watu wa pwani tukisikia habari za magofu, mara moja huikumbuka Gede, msikiti wake na kuta zake ambazo James Kirkman alianza kuzichimbua mwaka 1948. Bara, husema wengi wetu, hakuna cha kale ila nyasi na mashamba ya chai. Hayo si kweli.

Huko Chemagel, karibu na Sotik katika Bomet, yameonekana mashimo mapana mfano wa kisahani, ambayo Wakalenjin husema ni ya Wasirikwa. Hapo zamani Wazungu walidhani watu walilala mashimoni. J.E.G. Sutton, aliyechimba mashimo ya namna hii miaka ya 1960, alionyesha kwamba shimo lilikuwa zizi la ng'ombe, na nyumba ilijengwa ubavuni mwake. Samadi ilizolewa ikatupwa nje hata ikawa kilima kidogo. Wafugaji hao waliishi zama zile zile adhana ikisikika Gede.

Tofauti ni kwamba ukuta wa mawe hujitetea wenyewe. Shimo halina mtetezi: trekta likipita na miche ikapandwa, habari zake zimekwisha. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ipo, lakini nani atakilinda asichokijua? Yafaa kila shimo litiwe katika ramani kabla jembe halijafika.

Nasi tunaolalamika makaburi na misikiti yetu ya kale ikivunjwa, tusione haya kulitetea zizi la jirani. Naye aliacha athari yake.