Somo la Kiswahili na Maisha ya Jamii: Funzo Kutoka Malakisi

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hutajwa mara nyingi panapozungumziwa adabu, lakini ni nadra kutajwa panapozungumziwa lugha. Ilhali mtoto anayelelewa kuandika mambo asiyoyajua hukua akiamini kwamba lugha ya daftari ni kitu kimoja na maisha yake ni kitu kingine. Hili ni tatizo linalolikabili somo la Kiswahili katika shule nyingi za msingi nchini Kenya, na Malakisi ni mahali panapofaa kulitazamia.

Malakisi ni mji mdogo katika Kaunti ya Bungoma, kusini mwa Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Wakazi wake wengi ni Wabukusu, nao Wateso na Wasabaoti ni majirani wao wa karibu. Ni eneo la wakulima wa mahindi na maharagwe, na kwa miaka mingi limejulikana kwa pamba na tumbaku. Kanisa Katoliki lina mizizi katika eneo hili tangu enzi za ukoloni, ingawa Jimbo la Bungoma lenyewe liliundwa mwaka wa 1987. Shule za msingi za umma zinazofadhiliwa na Kanisa hilo huitwa za Kikatoliki, lakini walimu wake huajiriwa na serikali na milango yake i wazi kwa watoto wa madhehebu yote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inampa mfadhili nafasi katika halmashauri ya shule na katika malezi ya kiroho ya wanafunzi. Kwa sababu hiyo, shule na kanisa mara nyingi huwa jirani, na mtoto huyohuyo huonekana kote kuwili.

Ujirani huo una jambo linalopaswa kuwafikirisha walimu wa lugha. Tangu miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki wamezitilia mkazo jumuiya ndogondogo za Kikristo. Katika jumuiya hizo, majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma sehemu ya Injili, huitafakari, kisha huamua la kufanya: kumtembelea mgonjwa, kumchangia mfiwa karo ya watoto, au kupatanisha waliogombana. Pale Kiswahili hutumika pamoja na lughamama. Mama ambaye hakupita darasa la nne huweza kueleza kwa ufasaha jinsi mfano wa mpanzi unavyohusiana na shamba lake lililokosa mvua. Hakuna anayempa alama, wala hakuna anayemkatiza kwa sababu hakutia methali tatu na tashbihi mbili. Lugha imempa uwezo wa kusema jambo lililomgusa, na waliomsikiliza wamemwelewa.

Siku ya pili yake, mwanawe huingia darasani kwa kipindi cha insha. Je, huko hukutana na Kiswahili hichohicho? La hasha. Mara nyingi hukutana na orodha ya mapambo ya kukariri: jinsi ya kueleza alfajiri, jinsi ya kueleza furaha, jinsi ya kueleza mwendo wa kasi. Mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulimpa mtahiniwa dakika 40 za kuandika insha moja. Kwa muda huo mfupi, aliyebeba maneno yaliyokwisha kutengenezwa alijiona salama kuliko aliyebeba mawazo. Ndiyo maana insha nyingi huanza kwa jua lilelile, majogoo yaleyale na ndege walewale, hata kama mwandishi anaeleza mazishi.

Chukua mfano mmoja. Kila mwaka shufwa, ifikapo Agosti, Wabukusu huwaingiza wavulana wao jandoni. Kabla ya siku yenyewe, mvulana huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga za chuma na kuimba, akiwaalika ndugu wa baba na wa mama. Pana mavazi, nyimbo, mawaidha, hofu na fahari. Mtoto wa Malakisi aliyeshuhudia hayo likizoni akirudi shuleni Septemba na kuambiwa aandike juu ya sherehe aliyoihudhuria, si ajabu akaandika arusi ya mjini yenye magari ya kifahari na keki ya ghorofa tano, arusi ambayo hajawahi kuiona. Hasukumwi na uongo. Amejifunza kwamba arusi ile ina msamiati uliokwisha andaliwa, na kwamba jando lake halina.

Vivyo hivyo kuhusu kazi. Mtoto anayejua hatua za kilimo cha tumbaku, kuanzia kitalu hadi banda la kukaushia majani kwa moto wa kuni, ana elimu inayotosha insha nzima ya maelezo, pamoja na hoja nzito kuhusu afya, misitu na kipato cha wazazi. Na vivyo hivyo kuhusu historia. Mnamo mwaka wa 1948, papo hapo Malakisi, polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa iliyoongozwa na Elijah Masinde, na watu 11 wakauawa. Dini hiyo iliwapinga wakoloni na wamisionari pia. Shule ya Kikatoliki inayomruhusu mwanafunzi kumhoji babu yake kuhusu habari hiyo, kisha aiandike kwa Kiswahili na kuisoma mbele ya wenzake, haijivunjii heshima. Kinyume chake, inaonyesha kwamba haiuogopi ukweli.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure Januari 2003 madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kusahihisha mawazo. Ni rahisi kuhesabu methali. Watasema pia kwamba mtoto wa bara anahitaji kufundishwa uzuri wa lugha, la sivyo Kiswahili chake kitabaki kikavu. Hoja hizi zina uzito na hazifai kubezwa. Hata hivyo, methali haitiwi katika insha kama chumvi inayonyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha pakuliwa. Huingia pale tukio linapoiita. Mtoto aliyeona majirani wakivuna shamba la mjane kwa siku moja hahitaji kukaririshwa kwamba umoja ni nguvu. Anahitaji kuelekezwa aone kwamba amekwisha kuishuhudia methali hiyo.

Suala la lughamama halikwepeki hapa. Tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Pamoja na hayo, vizazi kadhaa vya Wakenya vinakumbuka kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani. Adhabu hiyo ilimfunza mtoto kuona haya, wala haikumfunza lugha. Mwalimu wa Kiswahili aliye Malakisi angefaidika kwa kufanya kinyume. Mtoto wa Kibukusu husema *omundu* na *babandu*, *kumukhono* na *kimikhono*. Akionyeshwa mtu na watu, mkono na mikono, hugundua kwamba ngeli zinazomtoa jasho darasani alizinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mtoto wa Kisabaoti au wa Kiteso aliyeketi dawati moja naye hana ngazi hiyo, kwa kuwa lugha zao si za Kibantu na hazina ngeli za aina hii. Huyu anahitaji mazoezi zaidi na subira zaidi. Mwalimu asiyezijua lugha za wanafunzi wake atamwita mmoja hodari na mwingine mzito, kumbe tofauti yao imetokana na mahali alipoanzia kila mmoja.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwamba mzazi na jamii washirikishwe. Kwa maandishi, mlango umefunguliwa. Lakini mwalimu hawezi kuuingia kwa maagizo pekee, na hapa lawama inawarudia wasomaji wa jarida hili. Walimu hao wametoka vyuoni. Huko walifunzwa kuchanganua riwaya na kuainisha vitenzi, ila ni wachache walioulizwa banda la tumbaku lina sehemu gani na kila sehemu yaitwaje kwa Kiswahili. Inafaa kila mwanafunzi wa ualimu anayekwenda mazoezini arudi na mkusanyiko wa msamiati wa kazi na mila za eneo alilofundishia. Inafaa vyama vya Kiswahili vyuoni vichapishe insha bora za watoto wa shule za msingi, zilizoandikwa kuhusu makwao, ili mwalimu wa Malakisi apate kielelezo kingine badala ya kitabu cha mapambo. Tena inafaa wahadhiri wanaoshiriki katika utungaji na usahihishaji wa mitihani wauthamini ukweli wa maelezo sawa na urembo wake.

Kiswahili kimepewa heshima nyingi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, nalo shirika la UNESCO mwaka wa 2021 liliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Heshima hizo hazitamfaa mtoto anayeona kwamba lugha hii imemjia kama mgeni asiyetaka kujua habari za wenyeji. Mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Malakisi ana haki ya kuonyeshwa, tangu kipindi cha kwanza cha insha, kwamba Kiswahili nacho ni kwao.