Swala wa mgeni ni nyara, swala wa mwenyeji ni kesi

MAJIRA ya baridi yakiingia, mabucha ya hapa Overport, mjini Durban, hubadilika harufu. Kando ya Barabara ya Moses Kotane, ambayo wakazi wengi bado huiita Sparks kwa jina lake la zamani, harufu ya giligilani na siki hutoka milangoni. Ni msimu wa kuwinda. Wateja huleta nyama ya swala kutoka mashambani, bucha huwakatia, huitia viungo na kuitundika mpaka ikauke na kuwa biltong, nyama kavu ambayo watu wa huku huitafuna kama sisi tunavyotafuna karanga.

Sisi tumepita mbele ya mabucha hayo miaka mingi bila kujiuliza lolote. Tulianza kujiuliza siku tuliposafiri na mwenzetu mmoja, Mtanzania fundi wa magari hapa mtaani, alipokwenda kuwinda kihalali kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hatuandiki haya ili kusifia bunduki. Tunaandika kwa sababu mwenzetu huyo alizaliwa katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Utotoni alifukuza swala na nyumbu kwenye shamba la mtama la mama yake. Ilibidi avuke miaka 40 ya umri na mipaka kadhaa ya nchi ndipo ampige swala mmoja bila kumwogopa askari.

Aliyemwalika ni mteja wake, Mhindi Mwislamu mwenye duka, ambaye huenda kuwinda kila mwaka. Tuliondoka Overport saa tisa usiku, tukashika barabara kuu ya N2 kuelekea kaskazini, zaidi ya kilomita 300, mpaka maeneo ya Mkuze katika nchi ya Wazulu. Jua lilipochomoza tulikuwa tumeshafika kwenye lango la shamba lenye uzio mrefu kuliko mtu.

Ndani ya uzio huo hakuna ng'ombe. Kuna swala pala, ambaye Wazulu humwita impala, kuna nyumbu, pundamilia na ngiri. Bunduki ilikuwa ya mwenye shamba, naye alisimama pembeni muda wote kama sheria inavyotaka. Mbele yetu alitembea mzee mmoja wa Kizulu, mfuata nyayo, ambaye alisoma mchanga kama sisi tunavyosoma gazeti.

Mwenzetu alikosa risasi ya kwanza. Ya pili, baada ya saa mbili za kutambaa kwenye miiba, ilimpata dume moja begani. Mwenye duka alikimbia na kisu mkononi, akapiga bismillahi na kumchinja kabla roho haijatoka, maana bila hivyo bucha la Overport lisingeipokea nyama ile.

Kisha wakafanya desturi yao. Mwenye shamba alichovya kidole kwenye damu, akampaka mwenzetu kwenye paji la uso na mashavuni, kama wanavyofanyiwa wawindaji wa mara ya kwanza huku Kusini. Watu wakapiga makofi. Mwenzetu hakucheka.

"Kaka," alituambia kwa sauti ndogo, "baba yangu mdogo alifungwa kwa mnyama kama huyuhuyu."

Jioni alilipa, akapewa risiti. Ndugu msomaji, tuliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Imeandikwa jina la mnunuzi, aina ya mnyama na bei, kama risiti ya kununulia tairi. Nyumbani kwetu karatasi kama hiyo ndiyo tofauti kati ya bwana mkubwa na mfungwa.

Tueleze sheria kidogo, maana ndiko kwenye kiini cha jambo. Afrika Kusini ilipitisha mwaka 1991 sheria inayomtambua mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyamapori waliomo. Mnyama akawa mali, na mwenye mali hulinda mali yake. Mashamba ya mifugo kwa maelfu yamegeuzwa kuwa mashamba ya wanyamapori.

Tanzania ni kinyume. Mnyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Serikali, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 huiita nyama yake, ngozi yake na pembe zake "nyara za Serikali". Sikiliza vizuri neno hilo. Mgeni akimuua swala, kichwa kinachotundikwa ukutani kwake huitwa nyara, yaani kumbukumbu ya ushujaa. Mwanakijiji akikutwa na kipande cha swala huyohuyo kwenye sufuria, nacho huitwa nyara, lakini hapo ni shitaka ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 20 hadi 30.

Hatutii chumvi. Mwaka 2023 mama mmoja mkoani Iringa alihukumiwa kwenda jela miaka 22 kwa kukutwa na vipande vya nyama ya swala. Nchi nzima ilishituka, mitandao ikawaka moto, na baadaye Mahakama Kuu ikamwachia huru. Tunaipongeza mahakama. Lakini tujiulize, ni wangapi waliokutwa na sufuria ya namna hiyo na hawakupata mtu wa kuwapigia kelele?

Wakati huohuo mgeni mwenye dola hukaribishwa. Safari ya kuwinda ya wiki tatu nchini kwetu humgharimu makumi ya maelfu ya dola. Hatuna ugomvi na fedha hizo, nchi maskini inazihitaji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tunauliza tu, mwenyeji amepona wapi?

Hakupona Loliondo. Mwaka 1992, wakati wa utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi, kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilikabidhiwa kwa kampuni ya OBC kutoka Falme za Kiarabu. Mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi ndiye aliyelifichua sakata hilo, likaitwa Loliondogate. Alifariki mwaka 1993, na sakata alilolifichua limeendelea kuishi miaka mingi kuliko yeye.

Julai 2009 maboma ya wafugaji wa Kimaasai yalichomwa moto katika kuwaondoa kwenye eneo hilo la uwindaji. Juni 2022 ziliwekwa alama za mipaka kutenga kilomita za mraba 1,500, eneo linaloitwa sasa Pololeti. Askari mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, na wengine wakakimbilia Kenya kutafuta matibabu na usalama. Yote hayo yalitokea kwenye nchi ambayo watu hao wamekaa pamoja na wanyama hao kwa vizazi.

Sisi tulio nje tunaandika haya kwa uhuru ambao wenzetu waliobaki nyumbani hawana. Ndiyo sababu hatuna haki ya kunyamaza.

Hata hivyo tusije tukadanganyika kwamba dawa ni kuiga Afrika Kusini kama ilivyo. Wakati wenzetu wanachuna ngozi, tulikaa na yule mzee mfuata nyayo. Tulimwamkia kwa heshima, tukamwuliza amewinda swala wangapi yeye mwenyewe. Alitabasamu. Amezaliwa kwenye shamba hilohilo, baba yake alifanya kazi hapohapo, na hajawahi kupiga hata mmoja kwa ajili ya nyumba yake. Fungu lake siku hiyo lilikuwa kichwa, kwato na matumbo.

Sababu yake inajulikana. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika karibu asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao, na hata baada ya kuongezwa mwaka 1936 haikuzidi sana asilimia 13. Ukisema mnyama ni wa mwenye ardhi katika nchi ambayo ardhi ilichukuliwa namna hiyo, basi umeshasema mnyama ni wa nani. Uzio umemhifadhi swala, lakini umemwacha mzee nje akiwa ndani.

Lakini mkoa huuhuu wa KwaZulu-Natal una jambo la kujifunza. Watu wa jamii ya Gumbi walirejeshewa ardhi yao kwa njia ya madai ya ardhi, na sehemu yake wakaitenga kwa hiari yao kuwa hifadhi ya wanyama, Somkhanda. Hawakuwamaliza wanyama siku walipopata mamlaka. Waliwafuga porini, kwa sababu sasa walikuwa wa kwao.

Hapo tunawajibu wale watakaosema: mkiwaruhusu wanavijiji, wanyama watakwisha kwa mwaka mmoja. Hoja hii tumeisikia tangu enzi za mkoloni, naye aliitumia kujihifadhia wanyama wa kuwinda yeye.

Tutazame ushahidi. Hesabu za Serikali yenyewe zilionyesha tembo wa Tanzania wakishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Je, waliliwa na mama mwenye sufuria? Hapana. Meno yao yalisafirishwa kwa makontena kupitia bandarini, na kontena halipiti bandarini bila mkono wa mkubwa. Sheria inayomweka msafirishaji wa pembe na mla kitoweo katika kapu moja haijui inapigana na nani.

Ushahidi mwingine uko Marekani. Kule kuna mnyama anayeitwa pronghorn. Wamarekani humwita swala, ingawa kwa nasaba yuko karibu zaidi na twiga, na kwa mbio hakuna wa kumfikia katika bara lake. Walikuwa mamilioni, wakapigwa ovyo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 wakabaki maelfu tu. Leo wamefikia tena mamia ya maelfu, wengi wao katika jimbo la Wyoming.

Walirudije? Uwindaji wa biashara ulikomeshwa, idadi ya kuwindwa ikawekwa kila mwaka, na sheria ya mwaka 1937 ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi. Kule pia mnyama ni mali ya umma, kama kwetu. Lakini mwalimu wa shule au dereva wa lori wa Wyoming huomba kibali, akibahatika katika kura hulipa ada ndogo kuliko ya mgeni, na kumwinda pronghorn wake wa kwanza akiwa na mwanawe pembeni. Nyama hupelekwa nyumbani. Umma, kwa maana hiyo, ni pamoja na yeye.

Kwetu ni kweli sheria inatambua leseni ya mwindaji mwenyeji. Lakini inataka bunduki yenye kibali, na mlalahoi wa kijijini hana hata baiskeli. Ni kweli pia kwamba Rais John Magufuli aliagiza mwaka 2019 yaanzishwe mabucha ya nyamapori, na kanuni zake zikatoka mwaka 2020. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, kwani Mtanzania wa kawaida angeweza kula swala akiwa na risiti. Ila bucha lipo mjini na linataka fedha, na tembo anayevunja ghala la mtama hamsubiri mtu apate fedha.

Zipo pia Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kama ile ya Ikona wilayani Serengeti, ambamo vijiji vilitoa ardhi ili vigawane mapato. Wazo ni zuri. Kasoro ni kwamba fedha za uwindaji hupanda kwanza serikalini, ndipo zishuke kijijini, na anayengoja mgao si mwenye mali, ni ombaomba.

Sisi tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, mgao wa kijiji ulipwe moja kwa moja kijijini, na hesabu zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila mtu asome. La pili, kila kijiji kinachopakana na wanyama kipewe idadi yake ndogo ya kila mwaka, iliyopimwa na wataalamu, iwindwe kwa usimamizi wa askari wa wanyamapori na nyama igawiwe kaya kwa kaya. La tatu, sheria itenganishe kitoweo na biashara ya pembe. Aliyevunja sheria kwa njaa atozwe faini anayoweza kuilipa au afanye kazi za jamii. Miaka 20 jela ni adhabu ya majambazi.

Haya si mapinduzi. Ni kumpa mwenyeji sababu ya kumpigia simu askari anapoona majangili wanapita na bunduki za kivita usiku.

Wiki moja baada ya safari yetu tulikwenda bucha na mwenzetu kuchukua mzigo. Biltong ilikuwa imekauka vizuri, imefungwa kwenye mifuko ya kilo kilo. Alitugawia, akawagawia majirani, kisha akabaki ameshika mfuko mmoja mkononi.

"Huu ningependa umfikie baba mdogo," alisema. "Ametoka jela siku nyingi, ni mzee sasa. Lakini nikimpelekea, unadhani atakula au atakimbia?"

Hatukuwa na jibu. Swali hilo tunalipeleka Dodoma.